Kabla Hujampigia Mtu Uliyemwekea Zuio

Swali huja hivi: nilimwekea zuio mwenyewe, sasa nikimpigia mimi, nimevunja sheria? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi hujavunja. Amri ya zuio inamfunga yule aliyetajwa kwamba asikaribie, asipige simu, asije kazini kwako. Wewe uliyeiomba hukukatazwa kitu, isipokuwa kama karatasi yako inasema "pande zote mbili". Wengi hawajui kama inasema hivyo, kwa sababu hawajawahi kuisoma mpaka mwisho.

Shida ni kinachofuata baada ya jibu hilo fupi. Ukimtumia meseji naye akakujibu, yeye amevunja amri, hata kama wewe ndiye uliyeanza. Ridhaa yako haifuti amri ya mahakama. Anayeweza kuifuta au kuibadilisha ni hakimu. Mnaweza kuishi mwezi mzima mkizungumza vizuri, mkapatana, mkagombana tena, na siku ukikimbilia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi swali la kwanza likawa: "Si wewe uliyemwita?" Kisha wakili wake anasimama mahakamani na simu ya mteja wake mkononi, anasoma "njoo basi umwone mtoto" aliyotumiwa Jumapili jioni, na kuuliza huyu mama anamwogopa nani. Amri haijafa kwa hilo, lakini hakimu anayetakiwa kuamua kama mtu alikaidi kwa makusudi atakuwa na jambo la kufikiria, na adhabu inaweza kupungua au isiwepo kabisa.

Watu wa nje hudhani anayempigia mtalaka aliyemwekea zuio amerudiwa na mapenzi. Wapo wa hivyo, na nitawafikia. Wengi wanapiga kwa sababu ya ada, cheti cha kuzaliwa kilichobaki kabatini, cherehani iliyobaki Sombetini, mtoto aliyeamka na homa, au msiba Kibosho. Mambo hayo yote yanajulikana mapema kwamba yatakuja. Kosa ni kuomba amri inayosema "asimkaribie kabisa" halafu kuyaachia maisha yatafute upenyo wake. Njia ya kuwasiliana iandikwe ndani ya amri yenyewe.

Soma ulichonacho mkononi

Tanzania haina sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo kile ambacho watu wanakiita "zuio" kinaweza kuwa karatasi nne tofauti, na kila moja ina matokeo yake ukimtafuta mtu huyo.

Ya kwanza, na ndiyo zuio hasa, inatoka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mtu asijilazimishe kwa mwenzi wake au mtalaka wake na asimsumbue. Uwezo huo unatumika wakati shauri la ndoa linaendelea, au wakati na baada ya tuzo ya talaka, kutengana au kubatilisha ndoa. Mlioishi pamoja bila kufunga ndoa hamjaachwa nje moja kwa moja: mkiwa mmekaa miaka 2 au zaidi na watu wakiwajua kama mume na mke, sheria inachukulia kuwa kulikuwa na ndoa, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo.

Ya pili ni dhamana ya kutunza amani, ambapo hakimu anamtaka mtu ajifunge kwa ahadi ya fedha, pengine na wadhamini, kwamba hatafanya fujo. Ya tatu ni masharti ya dhamana kwenye kesi ya jinai: alikupiga, akashtakiwa, akapewa dhamana kwa sharti la kutokukaribia. Hapa kuwa mwangalifu kupita kote. Kesi ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi, na simu yako ya "tuyamalize nyumbani" inaweza kumfutia dhamana yeye na kukuweka wewe pabaya kama shahidi. Kwa makosa madogo ya kibinafsi, mfano shambulio la kawaida, mahakama yenyewe inaruhusiwa kuhimiza mapatano. Mwambie mwendesha mashtaka kwamba unataka hivyo, alisemee yeye mbele ya hakimu.

Ya nne si amri kabisa. Ni barua ya mwenyekiti wa mtaa, au makubaliano mliyosainishwa kituoni mbele ya askari. Zina kazi yake kama ushahidi kwamba ulilalamika tarehe fulani. Ila mtu akizipuuza, hakuna mahakama ya kumwadhibu kwa kuikaidi, kwa kuwa haikutoa chochote. Watu wanatembea na barua hizo kwenye pochi miaka miwili wakiamini wamelindwa.

Ukishajua ni ipi, tafuta vitu vitatu ndani yake. Kwanza maneno ya katazo: je, inasema "moja kwa moja au kupitia mtu mwingine"? Kama inasema, basi shangazi yake, mshenga wenu na mzee wa kanisa wote wamo. Pili tarehe ya mwisho. Zuio la muda linalotolewa kwa utaratibu wa mashauri ya madai halizidi miezi 6, na likiongezwa, jumla yake haipiti mwaka 1. Mtu anaweza kuwa anashika karatasi iliyokufa zamani. Tatu, ushahidi kwamba alifikishiwa: sahihi yake ya kupokea, au kiapo cha mpeleka samansi kwamba alikataa kusaini. Bila hicho atasema hakujua, na atakuwa na hoja.

Kuna na njia nyingine ya amri kufa kimyakimya. Zuio lililotolewa wakati shauri la talaka linaendelea linalitegemea shauri hilo. Shauri likiondolewa mahakamani kwa kasoro, zuio la muda linakwenda nalo. Kasoro inayojulikana ni hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa: haipo, au imepita miezi 6 kabla shauri halijafunguliwa. Baraza lenyewe ni mtihani, kwa kuwa sheria inakutaka upite pale kabla ya kudai talaka, na kupita pale maana yake ni kukaa chumba kimoja na mtu unayemkimbia. Omba kwa maandishi msikilizwe siku tofauti. Akiitwa akakataa kufika, hilo peke yake linakutosha kwenda mahakamani bila usuluhishi, na sheria inatambua pia mazingira ya pekee yanayofanya Baraza lisiwezekane. Usimpigie kumbembeleza aje barazani. Wito ni kazi ya Baraza.

Kuomba mawasiliano yaandikwe

Unarudi mahakama ileile iliyotoa amri, ukiwa na namba ya shauri. Arusha mjini kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki ambako mahakama za ngazi mbalimbali ziko pamoja, kwa hiyo kuingia getini hakutoshi. Jua jalada lako liko masjala ya ngazi gani, au utazungushwa asubuhi nzima. Mahakama ya mwanzo ni rahisi, unaweza kueleza shida yako kwa karani akakuelekeza. Ngazi za juu unapeleka maombi pamoja na kiapo kinachoeleza nini kimebadilika. Aliyezuiwa atapelekewa nakala, mtapangiwa tarehe, hakimu atauliza maswali. Huna wakili, Arusha kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, Moshi kuna KWIECO, shirika la kusaidia wanawake, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotoa msaada bila malipo.

Usiombe "amri ilegezwe". Neno hilo halimwambii hakimu chochote, na linamwambia mwenzako kwamba umeanza kulainika. Omba vitu vya kuhesabika. Namba moja ya simu, meseji tu, hakuna kupiga. Mada tatu: shule, afya, matumizi. Saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Matumizi yaingie tarehe fulani ya kila mwezi kwenye namba iliyotajwa, na ada ilipwe moja kwa moja akaunti ya shule, ili pesa isiwe sababu ya kuonana. Mtoto akabidhiwe ofisi ya ustawi wa jamii, au shuleni, au kwa ndugu mmoja mwenye jina ndani ya amri. Baba yuko Moshi na mama Arusha, umbali ni kilomita themanini hivi, na watu wanapenda kukabidhiana mtoto stendi kwa kuwa "pale kuna watu". Stendi ni mahali pabaya. Kuna kelele, hakuna anayewajua, gari likichelewa mnakaa pamoja saa nzima, na likitokea la kutokea shahidi wako ni mpiga debe ambaye kesho hutampata.

Na dharura. Iandikwe kwamba mtoto akilazwa, aliye naye amjulishe mwenzake kwa meseji moja. Watu wengi hawaombi hili, halafu mtoto anapolazwa wanajikuta kati ya amri na ubinadamu, wanapiga simu usiku wakilia, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye mtoto kwenda kwenye ugomvi wa mwaka 2019.

Meseji yenyewe iandikwe kana kwamba hakimu ataisoma, kwa sababu anaweza kuisoma. Hii inafaa: "Mtoto amelazwa Mawenzi tangu jana saa 3 usiku. Ana homa ya mapafu. Amewekewa dripu, anaendelea vizuri. Bili ya leo ni sh 45,000." Haina swali, haina lawama, haina salamu ndefu. Hii haifai: "Mtoto anaumwa na wewe umekaa kimya tu, baba gani wewe?" Ina uchungu wa haki kabisa, lakini inamtaka ajibu kuhusu yeye na wewe, na atajibu. Mtoto pia asitumwe. "Mwambie baba yako" ni mawasiliano kupitia mtu mwingine, na mtoto wa miaka minane anafikisha ujumbe pamoja na sauti uliyotumia.

Simu

Hapa ndipo mambo mengi yanapovuja. "Tafadhali nipigie" ni mawasiliano. Kutuma sh 500 kila siku asubuhi ni mawasiliano, kwa kuwa jina lake linatokea kwenye simu yako kila mara. Kuweka maneno yako kwenye status ya WhatsApp ukijua anaangalia ni kumfungulia mlango, na yeye akiweka yake akikulenga, piga picha. Kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa ni tatizo la kweli; mwombe mwalimu wa darasa akutumie matangazo pembeni, toka.

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Wanandoa husajiliana laini. Kama anatumia laini iliyo kwa jina lako, vitisho vyake vitaonekana vimetoka kwako, nawe utakuwa na kazi ya kueleza. Nenda dukani kwa mtandao husika uifute. Kwa upande mwingine, usajili huohuo wa alama za vidole unasaidia: namba ngeni inayokutukana ina mwenyewe, na polisi wanaweza kumpata.

Usifute kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, ila unatakiwa kuonyesha kwamba haujachezewa, na njia nzuri ni kubaki na simu yenyewe. Skrinishoti nyingi zinakosa nguvu kwa jambo dogo: juu inaonekana "Baba Junior" badala ya namba. Fungua taarifa za mhusika, piga picha namba ikionekana, kisha meseji zenye tarehe na saa, zote mfululizo. Ukipeleka zake tu na kuficha zako, yeye ataleta zako.

Je, umbloku? Ukiwa huna mtoto naye, mbloku na umalize. Ukiwa na mtoto, tenga laini moja kwa ajili yake tu, isiyo na WhatsApp, iangalie mara moja kwa siku. Zima kushea mahali ulipo, badilisha nywila za akaunti ya Google mliyokuwa mkitumia wote, maana simu ya zamani aliyobaki nayo inaweza kuwa bado inaona picha zako.

Kama umeshampigia, au kama unataka kurudi

Umeshampigia. Acha hapo, usiendelee "ili mmalize vizuri". Andika tarehe, saa, kilichosemwa. Usifute meseji zako hata zile za aibu. Mwambie wakili wako au askari wa dawati aliyepokea lalamiko lako kabla mwenzako hajasema, kwa sababu jambo uliloeleza mwenyewe ni maelezo, na jambo lililofichuliwa ni uongo. Ukiulizwa chini ya kiapo, sema ukweli. Kusema uongo katika kiapo ni kosa la jinai, na hilo litakuwa lako wewe. Kisha peleka maombi ya kuandikiwa njia ya mawasiliano. Simu yako ilionyesha shimo lililoko kwenye amri, na hakimu mzuri ataliona hivyo.

Wanaotaka kurudiana sina haja ya kuwahubiria. Ninachosema ni utaratibu: mahakama kwanza, kuonana baadaye. Ukirudi nyumbani na amri bado hai, kila usiku anaolala hapo anaikaidi, na mkikosana jirani akipiga 112 atakamatwa mtu ambaye ulimkaribisha wewe. Ombi la kuifuta upeleke mwenyewe, bila yeye kukusindikiza. Hakimu atauliza kama umelazimishwa, na si vizuri aliyekutisha awe amekaa benchi la nyuma. Kuna watu ambao kwao ningesema ibadilishwe tu, isifutwe: ondoa katazo la kuonana, acha katazo la kukupiga, kukutisha na kukusumbua. Anayerudi kwa nia njema hapungukiwi kitu na katazo hilo.

Akiivunja yeye bila wewe kumtafuta, tenganisha mambo mawili, maana hapa watu huzungushwa kati ya kituo na mahakama mpaka wachoke. Amekupiga, amevunja mlango, ametishia kukuua: hiyo ni jinai, nenda polisi, chukua namba ya RB (ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), upelekwe hospitali ya Mount Meru au Mawenzi. Ukiwa unavuja damu, hospitali kwanza. Amekutumia meseji za kukutisha au kukusumbua: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo adhabu yake kwa unyanyasaji wa mtandaoni haipungui sh milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote. Amepiga simu tu, au amesimama ng'ambo ya barabara bila neno: dawati litakuambia nenda mahakamani, na hawakosei. Toa taarifa hata hivyo iingie kitabuni, kisha peleka maombi mahakama iliyotoa amri kwamba aadhibiwe kwa kuikaidi, ukiambatanisha ushahidi kwamba alifikishiwa.

Bado ukoo. Kwa Wachaga wazee wataitana kikao, kwa Waarusha na Wameru watakaa wazee wa boma, na watakuambia mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa hakimu. Wanaweza kuwa na nia nzuri. Hawana uwezo wa kufuta amri, na ukikubali kukaa naye kwenye kikao hicho umemvunjisha amri mbele ya mashahidi kumi. Watumie nakala ya amri. Mwakilishi wako akasikilize, arudi na maneno.

Msiba na Desemba, watu wanaporudi kijijini kwa likizo, ndivyo vinavyovunja amri nyingi upande wa Kilimanjaro. Babu wa watoto anazikwa kihambani (shamba la ukoo) Uru, wajukuu lazima wawepo, na baba yao yuko pale akipokea wageni. Msiba hausubiri mahakama, kwa hiyo sentensi yake iwemo tangu mwanzo: watoto watapelekwa na ndugu fulani, watakaa kwa muda fulani, na yeye hatamsogelea mama kama naye amehudhuria. Desemba ina tarehe, haina kisingizio. Ikiwa kwenu ni Marangu na kwao ni Marangu, kanisa moja, soko moja, njia moja ya kupanda, maombi yapelekwe Oktoba, kabla watu hawajaanza likizo. Yaseme nani anakuwa na watoto kuanzia tarehe gani mpaka gani, nani anawashusha na wapi, na nani anasali ibada ya kwanza. Nakala iliyogongwa muhuri iwe kwenye begi la safari, picha ya simu haitoshi, maana askari wa zamu kule Himo hajui jalada lako la Arusha.